Ejo Mbili na Leo Moja

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo," husema Waswahili. Waswahili hao hao husema pia, "Akiba haiozi." Na mtu akianza kuzungumza sana juu ya mambo ya zamani, huambiwa, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hizi tatu nilizijifunza shuleni kama mapambo ya insha. Nikizitazama sasa naona zinagombana. Ya kwanza inatuita katika siku ya leo, ya pili inatupeleka kesho, na ya tatu inatukataza kutazama nyuma. Mtu anayetaka kuishi vizuri aisikilize ipi?

Katika insha hii nitajaribu kujibu swali hilo kwa msaada wa mafundisho ya Kibuddha kuhusu kuishi katika wakati uliopo. Sikulelewa katika dini hiyo. Nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu mjini Kamembe, wilaya ya Rusizi, ambayo wazee wengi bado wanaiita Cyangugu, na sijawahi kuona hekalu la Kibuddha katika mji wetu. Mafundisho haya niliyakuta chuoni katika somo la falsafa, na yakanishika kwa sababu yanagusa jambo ambalo kwetu si la vitabuni tu. Rwanda ni nchi ambayo kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, inakumbuka watu wake waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Katika nchi kama hii, mtu akiambiwa "ishi sasa," je, anaambiwa asahau?

Nianze na lugha. Kinyarwanda kina neno moja, *ejo*, ambalo maana yake ni jana na pia ni kesho. Tukitaka kutofautisha tunaongeza neno: *ejo hashize* ni ile iliyopita, *ejo hazaza* ni ile ijayo. Hata juzi na kesho kutwa zina neno moja, *ejobundi*. Ndugu zetu wa Bukavu wanaosema Kilingala wana jambo hilo hilo: *lobi* ni jana na ni kesho. Mgeni anaweza kucheka na kuuliza watu hawa wanaelewanaje. Tunaelewana vizuri, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wawili wanajua wamesimama wapi. Wamesimama leo. Ukiwa na leo, ejo mbili hazikuchanganyi. Ukipoteza leo, huwezi tena kujua ipi iko nyuma na ipi iko mbele. Hapo ndipo ninapoiona hoja yangu yote: kuishi katika wakati uliopo ni kujua mahali uliposimama, ili jana ikumbukwe kama jana na kesho ipangwe kama kesho.

Sasa, Wabuddha wenyewe wanafundisha nini? Mafundisho haya yana zaidi ya miaka elfu mbili, na si mageni kabisa katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka zama za ukoloni. Karibu na Entebbe kuna Kituo cha Kibuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa mwaka 2002. Zoezi la msingi ni rahisi kulieleza. Mtu anakaa, anaiangalia pumzi yake ikiingia na ikitoka. Akili ikikimbilia kwenye deni, au kwenye maneno aliyoambiwa jana, anatambua kwamba imekimbia, kisha anairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza. Baadaye anafanya hivyo hivyo akitembea, akila, akifua. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alizoea kutoa mfano wa kuosha vyombo: anayeosha huku akiwaza chai atakayokunywa baadaye hajaosha vyombo, na chai ikifika hatainywa pia, kwa kuwa akili itakuwa imeshakwenda kwingine.

Hadi hapo mafundisho yanasikika matamu. Lakini falsafa haipimwi kwa utamu. Nina pingamizi tatu, na kila moja naichukua kwa uzito.

Pingamizi ya kwanza ni ya umaskini. Kuishi leo, mtu anaweza kusema, ni anasa ya wenye friji iliyojaa. Maskini anaishi leo kwa lazima, na angependa sana kupata nafasi ya kuishi kesho. Mama yangu anauza nyanya na vitunguu Bukavu. Kabla jua halijachomoza anakuwa njiani na beseni lake, akielekea mpaka wa Rusizi ya Kwanza, kwenye foleni ya wanawake wengine wenye mabeseni. Siku moja nilimweleza niliyosoma.

"Mama, wanasema mtu aishi leo, asiishi kesho."

Akacheka. "Mwanangu, kwani mimi naishi wapi? Kesho yangu iko ndani ya beseni hili. Isipouzwa leo, imeoza."

Jibu lake ni zito kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Wafanyabiashara wadogo wa mpakani wanajua kwamba daraja linaweza kufungwa wakati wowote. Lilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, familia nyingi upande huu zilikaa zikitazama ng'ambo ya mto bila kujua nyanya zitakwenda wapi. Kumwambia mtu wa namna hii "usiwe na wasiwasi, furahia wakati huu" ni kumtukana.

Hata hivyo, nilipomtazama Mama vizuri niliona kwamba si kweli kwamba anaishi leo. Mwili wake uko kwenye foleni, lakini akili yake inahesabu deni la muuzaji wa jumla. Inalihesabu nyumbani, inalihesabu njiani, inalihesabu tena mbele ya afisa wa uhamiaji. Hesabu ya kwanza ina faida, kwa sababu inamwambia auze kwa bei gani. Hesabu ya ishirini hailipi hata faranga moja, inamchosha tu. Buddha alifundisha kwa mfano wa mishale miwili: mtu amechomwa mshale, kisha anachomwa wa pili palepale. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni ule tunaojichoma kwa kuhangaika juu ya maumivu.

Mfano huu lazima utumiwe kwa uangalifu. Mshale wa kwanza wa mama yangu hauwezi kung'olewa kwa pumzi. Unahitaji amani ng'ambo ya mto, mikopo yenye riba nafuu, soko lenye paa. Anayemfundisha maskini kuvumilia mshale wa pili huku akiuacha wa kwanza palepale amefanya nusu ya kazi, na nusu rahisi. Thich Nhat Hanh alilijua hilo. Mwongozo wake maarufu wa zoezi hili ulianza kama barua, katika miaka ya 1970, kwa mfanyakazi wa shule aliyoianzisha ya vijana wa huduma za jamii nchini Vietnam, vijana waliokuwa wakijenga upya vijiji katikati ya vita. Kwa hiyo mafundisho hayo hayakuandikiwa watu wenye friji. Yaliandikiwa watu wenye kazi nyingi na hofu nyingi, ili wasivunjike kabla kazi haijaisha.

Pingamizi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ni ya kumbukumbu. Mimi ni wa kizazi kilichozaliwa baada ya 1994. Kuna vijana wa rika langu, si wabaya, ambao ikifika Aprili wanasema chini kwa chini: "Tuishi sasa. Yaliyopita si ndwele." Wakipata mafundisho ya kigeni yanayosema jambo kama hilo, wanafurahi kuwa na mwanafalsafa upande wao. Lakini yaliyopita yanaweza kuwa ndwele. Hapa kwetu mjini kuna uwanja wa Kamarampaka, ambako Watutsi waliokimbia walizuiliwa, na baadhi yao wakawa wanachukuliwa kwenda kuuawa. Kuna Nyarushishi, ambako waliobaki walihamishiwa kambini. Mtu anayepita hapo kila siku kwenda sokoni hawezi kuambiwa kwamba si ndwele.

Kinyarwanda kina neno *ihahamuka*. Ni hali inayowapata manusura, hasa wakati wa maombolezo, na neno lenyewe linahusu pumzi: kukosa pumzi kana kwamba mapafu yametoka kifuani. Mtu anapiga kelele, anakimbia, anajificha, anawaona wauaji mbele yake. Jirani yetu, ambaye watoto wote wa mtaa tunamwita Shangazi, alikuwa Kamarampaka na baadaye Nyarushishi. Katika ibada moja ya Aprili ilimpata akiwa karibu nami. Msichana wa kujitolea, aliyefunzwa kusaidia watu wa namna hiyo, alipiga magoti mbele yake. Hakumwambia asahau, wala hakumwambia anyamaze. Alisema polepole:

"Shangazi, uko Kamembe. Leo ni mwaka 2023. Huu ni mkono wangu, ushike. Sikia kiti ulichokalia. Sasa vuta pumzi pamoja nami."

Ilichukua muda mrefu. Alipotulia alisema sentensi ambayo sijaisahau: "Mwanangu, nilikuwa kule. Sasa nimerudi, naweza kumlilia mdogo wangu."

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye maneno hayo. Alipokuwa "kule" hakuweza kulia. Aliyeko uwanjani hana nafasi ya kuomboleza, ana nafasi ya kukimbia tu. Ilimbidi kwanza arudi leo, kwenye kiti, kwenye mkono wa msichana, ndipo marehemu awe marehemu wake, mwenye jina, anayestahili machozi. Kwa maneno mengine, wakati uliopo haukumnyang'anya kumbukumbu yake. Ulimrudishia. *Ihahamuka* ni jana iliyovaa nguo za leo, na kukumbuka ni kuijua jana kuwa ni jana na kuipa heshima yake.

Baadaye nilikuta kwamba lugha ya Buddha imelisema jambo hili tangu zamani. Neno la Kipali linalotafsiriwa kama uzingativu, yaani kuwepo kwa akili mahali ulipo, ni *sati*, na asili ya neno hilo ni kukumbuka. Waliozitafsiri habari hizi kama "sasa, sasa, sasa" wameacha nusu ya neno. Nami, mtoto wa nyumba ya Kiislamu, nilikumbuka dhikiri. Dhikiri maana yake ni ukumbusho, lakini anayeleta dhikiri anafundishwa kuwa moyo wake uhudhurie pale pale anapoketi. Kukumbuka na kuhudhuria vimekaa katika neno moja katika dini mbili zilizo mbali sana.

Hata katika falsafa ya Kiafrika jambo hili lipo. Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza wakati: Sasa na Zamani. Alidai pia kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, na kwa hilo alipingwa, miongoni mwa wengine na Kwame Gyekye wa Ghana. Nadhani waliompinga walikuwa na haki, kwani anayepanda mti wa parachichi anajua kesho ni nini. Lakini kuna sehemu ya fikra yake ambayo ningeitetea. Kwa Mbiti, Sasa si nukta. Ni kama chumba kipana, na marehemu ambaye bado yuko mtu anayemkumbuka kwa jina angali ndani ya chumba hicho. Kwa hiyo majina yanaposomwa katika Kwibuka, hatuondoki leo kwenda 1994. Tunawakaribisha waliokufa katika Sasa yetu, na tunabaki tumesimama hapa.

Kuna hadithi ya Kibuddha ya Kisa Gotami, mama aliyebeba mtoto wake aliyekufa akitafuta dawa ya kumwamsha. Buddha alimwambia amletee mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Alizunguka nyumba zote, hakuipata, akarudi na kumzika mwanawe. Hadithi hii ikisimuliwa Rusizi inaleta maumivu zaidi, maana hapa kuna nyumba ambazo hakubaki wa kufungua mlango. Wala siwezi kukubali isomwe kwa maana ya "kila mtu anakufa, kwa hiyo nyamaza." Kifo cha kawaida na mauaji si kitu kimoja, na mwenye kuuliwa ndugu anadai haki pamoja na faraja. Ninachokichukua katika hadithi ni kidogo: yule mama hakupona kwa kumtupa mtoto. Alipona kwa kukubali kwamba amekufa, na akamzika kwa mikono yake.

Pingamizi ya tatu ni ya maadili. Je, mtu hawezi kuwa makini kabisa katika wakati uliopo huku akitenda uovu? Anaweza. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho vilisomwa kwa makini sana. Waliokuwa pale waliita walichokifanya "kazi." Akili yao haikuwa imetangatanga. Na isisemwe kwamba nchi ya Wabuddha imekingwa na jambo hili: tangu Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000, wengi wao Waislamu, walikimbia Myanmar kwenda Bangladesh, na miongoni mwa waliokuwa wakichochea chuki dhidi ya Waislamu nchini humo walikuwepo watawa wenye kanzu za Buddha.

Pingamizi hii inanionyesha mpaka wa zoezi. Uzingativu ni kama kisu kikali: unakata mkate na unakata shingo. Kwa sababu hiyo Buddha hakuufundisha peke yake. Aliuweka kuwa mmoja kati ya mambo manane ya njia yake, na kila jambo limeambatana na neno "sahihi": kauli sahihi, matendo sahihi, riziki sahihi na mengineyo. Katika riziki sahihi aliwakataza wafuasi wake biashara ya silaha na biashara ya binadamu. Siku hizi uzingativu unauzwa katika programu za simu ukiwa umetolewa ndani ya njia hiyo kama injini iliyotolewa ndani ya gari. Inanguruma vizuri, lakini haina usukani. Kwetu sisi wa Maziwa Makuu, ambako silaha na madini vimepitishwa mipakani kwa miaka mingi, usukani ni muhimu kuliko ngurumo.

Baada ya kupima pingamizi hizi tatu, narudi kwenye methali zangu. "Leo ni leo" nitaishika, lakini sitamwita mwongo anayesema kesho, mradi aiseme akiwa amesimama leo. Kupanga ni tendo la leo: unakaa, unachukua kalamu, unaandika, unamaliza, unafunga daftari. Wasiwasi ni mpango usio na kalamu, unaorudiwa kitandani saa nane za usiku. "Akiba haiozi" inabaki kweli, kwa kuwa kila akiba iliyowahi kuwekwa iliwekwa siku fulani iliyoitwa leo. Ama "yaliyopita si ndwele," ningeomba tuitumie kwa ugomvi wa majirani na madeni madogo, tusiitumie mbele ya mtu aliyebaki peke yake katika ukoo wake.

Kwa wanafunzi wenzangu ambao, kama mimi, hawakuyaona ya 1994, nadhani fundisho hili lina kazi maalumu. Sisi hatuwezi kukumbuka kwa niaba ya manusura. Kumbukumbu hiyo si yetu, na tukijifanya ni yetu tutaiharibu. Tunachoweza kuwapa ni leo iliyo imara: kuwepo hapo wanapozungumza bila kutazama simu, kujua ni mwaka gani na kuwaambia kwa upole wanapoupoteza, kushika mkono, kusikiliza jina lote hadi mwisho wake. Ni kazi ndogo, wala haihitaji hekalu. Inahitaji mtu ambaye mwili wake na akili yake viko kwenye kiti kimoja, na watu wa namna hiyo, hapa Rusizi na kwingineko, bado hawatoshi.